Lori Jipya, Injini Imekufa Mara Tatu: Soma Hapa Kabla Hujasaini Jobu Kadi Nyingine

"Fundi, hii gari imelogwa."

Aliyepiga simu ana malori matatu, na hilo lililolala pembeni ya barabara karibu na Makambako ndilo jipya kuliko yote. Miezi saba tangu litoke kwa muuzaji, kilomita 60,000 na ushee, waranti bado hai, mgongoni limebeba mbolea ya Zambia. Mwezi wa pili tangu linunuliwe lilibadilishwa nozeli, kile kinachopulizia dizeli ndani ya injini. Mwezi wa tano tabo, feni inayosukuma hewa ndani ya injini. Sasa injini ilikuwa inagonga kama mtu anatwanga kisamvu, na dereva, Mungu ambariki, alikuwa ameizima na kukataa kuiwasha tena hata pale bosi wake alipomwambia ajikongoje hadi mjini.

Tukaomba picha za jobu kadi, karatasi ambazo gereji huandika kazi iliyofanya kwenye gari. Ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja: nozeli namba 4 imebadilishwa, gari limejaribiwa, liko sawa. Ya pili hivyo hivyo: tabo imebadilishwa, gari liko sawa. Nozeli ilikufa kwa nini? Tabo iliuawa na nini? Hakuna aliyeandika, na mwenye gari hakuuliza. Alifurahi spea zimetoka bure, akasaini, akaondoka na funguo.

Sisi ni gereji ndogo ya dizeli hapa Mbeya. Barabara ya Tunduma inapita mlangoni kwetu, kwa hiyo kesi kama hii zinatufikia zikiwa bado na vumbi. Tulichojifunza ni kwamba injini mpya inayokufa mara tatu mara nyingi haina magonjwa matatu. Ina moja tu, na kila safari linatibiwa jeraha huku kinachojeruhi kimeachwa ndani. Lori la Makambako lilikuwa hivyo, na nitalieleza lote maana linafundisha kuliko orodha ya masharti.

Nozeli za injini za sasa si zile za malori ya baba zetu. Zile za zamani zilifunguka kwa msukumo wa baa mia mbili, mia tatu. Hizi za komoni reli, mfumo wa bomba moja linalolisha nozeli zote, hupokea dizeli kwa baa 1,600 na kuendelea, nyingine zinapita 2,000. Kwenye injini nyingi za aina hii, dizeli inayozidi hurudi kwa njia iliyochimbwa ndani ya silinda hedi yenyewe, kile kifuniko cha juu cha injini, na kinachoizuia isikutane na oili ni oringi, pete ndogo ya mpira iliyovishwa kwenye nozeli. Fundi akiisokomeza nozeli bila kuilainisha oringi, inakatwa. Ukiwasha injini inaunguruma vizuri, haitoi moshi, haiwashi taa ya hitilafu. Lakini dizeli inachuruzika polepole kwenye oili, kutwa kucha.

Tulipozungumza na dereva ndipo picha ilipoanza kueleweka. "Gari hii haili oili hata kidogo," alisema kwa fahari, "tena tangu ile nozeli ibadilishwe, kipimo kinapanda."

Wenye malori, tafadhali, liwekeni hili kichwani. Oili haizaliani. Kipimo kikipanda bila mtu kuongeza, kuna kitu kimeingia: dizeli au maji ya rejeta. Oili mpya ya daraja la 15W-40, ikiwa kwenye joto la nyuzi 100, mnato wake, yaani uzito wake inapotiririka, unatakiwa uwe kati ya 12.5 na 16.3 kwa kipimo cha sentistoki. Ichanganye na dizeli na mnato unaporomoka, na utando unaotenganisha chuma na chuma unakuwa mwembamba. Anayelia kwanza ni tabo, kwa kuwa shafti yake huweza kuzunguka hata mara 100,000 kwa dakika ikiwa imeelea juu ya utando huo tu. Ukibadilisha tabo ukaiacha oili ile ile, au ukaimwaga oili ukaiacha oringi ile ile, zamu inayofuata ni ya bering za konrodi, vyuma laini ambamo krenki huzunguka. Mwezi wa pili, mwezi wa tano, mwezi wa saba. Hapo hapana uchawi.

Muuzaji kwa simu alishatoa hukumu yake kabla hajaliona gari: dizeli chafu, waranti haihusiki. Simlaumu sana kwa kulifikiria hilo. Nchi hii imelipa neno kuchakachua maana mpya kwa sababu ya mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli, mpaka mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchezo huo usilipe. Lakini kufikiria ni kitu kimoja, kuthibitisha ni kingine.

Tulikwenda Makambako tukiwa na chupa mbili safi. Tulichukua sampuli ya oili kabla ya mtu yeyote kufungua nati hata moja, tukazifunga chupa mbele ya dereva, tukaandika kilomita, tarehe na saa, moja ikaenda maabara na moja ikabaki kwa mwenye gari. Filta ya dizeli tuliikata tukaitandaza: hakuna maji, hakuna kutu, hakuna matope. Majibu yalipotoka, mnato ulikuwa chini ya 10. Risasi na shaba zilikuwa juu, na hizo kwa kawaida hutoka kwenye bering. Silikoni ilikuwa kidogo, maana yake injini haikula vumbi. Sodiamu na potasiamu, ambazo huwa kwenye dawa ya rejeta, hazikuonekana, kwa hiyo maji ya rejeta hayakuingia. Kilichobaki kulaumiwa ni dizeli ndani ya oili, na dizeli haiingii kwenye oili kwa kuwa imenunuliwa kituo kibaya.

Injini ilifunguliwa kwenye karakana ya muuzaji, mwenye gari akiwepo, nami nikiwa nimesimama nyuma yake na simu ya kupigia picha. Nozeli namba 4 ilipong'olewa, oringi ilitoka na kipande kimekatika. Chumba kizima kilinyamaza. Fundi wao, kijana mwenye heshima, aliiweka juu ya kitambaa cheupe mwenyewe bila kuambiwa.

Walilipia krenki, bering, pampu ya oili na tabo. Hawakulipia gharama ya kulivuta gari wala ya kuhamishia mbolea kwenye lori lingine, kwa sababu kijitabu cha waranti kiliandika wazi kwamba hasara ya biashara si jukumu lao. Nimekuta kipengele hicho karibu katika kila kijitabu nilichowahi kufungua. Usitegemee bima kubwa ikuokoe hapo pia: injini kuharibika yenyewe kwa kawaida imetolewa kwenye bima, ambayo ni ya ajali, moto na wizi. Na kama gari ni la mkopo, rejesho la benki halijui habari za nozeli. Mwisho wa mwezi linataka chake.

Sasa upande wa pili, maana tusipousema tutakuwa tunawadanganya. Kuna wateja waliokuja kwetu wakiwaka hasira na tukawaambia muuzaji ana haki. Mmoja filta yake ya hewa ilikuwa inapulizwa kwa upepo wa kompresa kila wiki mpaka karatasi ikatoboka, na oili ilikuwa na silikoni kama imechotwa barabarani. Mwingine fundi wa njiani alimng'olea thamostati, kifaa kinachodhibiti joto la injini, "ili injini ipoe", halafu kulanti, yaani dawa ya rejeta, ikabadilishwa kwa maji ya mtoni. Mwingine, na huyu aliniuma, alikuwa na gari zuri na service zote, ila kompyuta ya injini ilikuwa imehifadhi kwamba mizunguko ya injini ilivuka kikomo mara kadhaa. Dereva wake alikuwa akishuka mteremko wa Kitonga kwa kasi, anarudisha gia ndogo kwa nguvu, gari zito linaisukuma injini kuliko ilivyoumbwa kukimbia. Kompyuta haina undugu na mtu. Inaandika hitilafu, kilomita na saa za injini.

Kwa sababu hiyo hiyo, usimruhusu mtu afute taa. Kuna vijana stendi za malori wana kifaa kidogo, kwa elfu chache taa ya injini inazimika. Walichozima ni ushahidi wako. Muuzaji akichomeka kompyuta yake akakuta kumbukumbu imesafishwa, ana kila sababu ya kuuliza ulikuwa unaficha nini.

Saa za injini nazo ziangalieni. Lori linaloshinda foleni Tunduma, likisogea hatua kumi na kusimama, linakusanya saa nyingi kwa kilomita chache. Kama kijitabu chako kinasema service kwa kilomita au saa, chochote kitakachotangulia, basi kuna siku umepitiliza service na odomita inakuambia bado. Nimeona dai zuri likifia hapo.

Karatasi ambazo watu wanazitupa na mimi nazipenda ni zile za mizani. Vigwaza, Mikese, Makambako, Mpemba: kila ukipima unapewa kipande kinachoonyesha uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Muuzaji akisema injini imechoka kwa kuzidishiwa mzigo, kifurushi cha karatasi za mizani za miezi saba kinamaliza mjadala kabla chai haijapoa. Zitunze pamoja na risiti za dizeli na za filta.

Kisheria, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara iwe ya ubora unaokubalika na ifae kwa kazi ambayo mnunuzi aliieleza. Ila soma mkataba wako wa ununuzi kabla hujajitamba na sheria hiyo. Vijitabu vingi vina sentensi kwamba waranti hii inachukua nafasi ya masharti mengine yote, na hapo ndipo wakili anahitajika, si fundi. Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inapokea malalamiko ya walaji pia. Na kama kadi ya gari ina jina la benki, waambie benki mapema. Huenda wao ndio wenye sauti ya kudai.

Lakini kesi nyingi haziendi huko. Zinamalizwa na barua moja iliyoandikwa vizuri, siku ile ile gari lilipokufa, na si baada ya mwezi wa kupigiana simu. Mteja wa Makambako aliandika hivi, na wewe unaweza kuifuata:

"Hii ni mara ya tatu injini ya gari hili kuharibika ndani ya muda wa waranti. Naomba injini isifunguliwe kabla sijafika mimi au mwakilishi wangu. Naomba ripoti ya maandishi inayoeleza chanzo cha uharibifu, na uhusiano wake na matengenezo mawili yaliyotangulia. Naomba spea zote zilizotolewa zihifadhiwe. Naomba pia siku ambazo gari limelala gereji ziongezwe kwenye muda wa waranti."

Ombi la mwisho watu wengi hawalijui. Waranti ya miezi kumi na miwili inaendelea kuhesabu hata gari likiwa juu ya mawe. Mteja wetu aliongezewa siku zake kwa sababu tu aliomba kwa maandishi, sidhani wangemkumbusha.

Kuhusu kazi yetu: gari lenye waranti sisi hatufungui injini yake. Hata ukitubembeleza, hata kama tatizo tunaliona kwa macho. Tukigusa boliti moja, tumekupa hasara kubwa kuliko msaada. Tunachofanya ni kuja gari lilipo, kusoma kompyuta bila kufuta kitu na kukupa nakala, kuchukua sampuli ya oili na dizeli, kukata filta, kupanga jobu kadi zako kwa tarehe, na kusimama nawe siku injini inafunguliwa. Mwishoni unapata ripoti ya Kiswahili ambayo wewe, benki na muuzaji mnaweza kuisoma wote. Tukikuta kosa ni la dereva wako au la fundi wa njiani, ripoti itasema hivyo, na malipo yetu ni yale yale.

Ukitupigia, uwe na namba ya chasisi, kilomita, saa za injini na picha za jobu kadi zote. Mwambie dereva asiwashe tena, avute kijiti cha oili, akifute, akichovye tena, apige picha ya kipimo gari likiwa pasipo na mwinuko. Asimwage oili. Na kama kuna mtu yuko hapo anajitolea kuzima taa, amshukuru, amnunulie soda, amwambie aende.