Mafiga matatu

Nairobi,
Jumapili usiku.

Swahibu yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Nyumbani hawajambo? Sisi tu wazima, ila stima imepotea tangu saa kumi jioni na sasa ni saa mbili na nusu. Kompyuta ina chaji, vaifai imekufa. Ndiyo maana leo unapata barua badala ya ule ujumbe wangu wa maneno matatu.

Nilipokuja Mombasa uliniuliza ninahangaika na nini siku hizi, nikakujibu kwa mkato. Jibu kamili ni hili.

Kazini tunaunda programu ya kujibu maswali ya wanachama wa sacco moja, kwa kutumia modeli kubwa ya lugha, yaani akili mnemba ya kuandika. Kuifanya ijibu ilituchukua wiki. Kujua kama inajibu vizuri, hapo ndipo tulipokwama. Mtu anabadilisha sentensi moja kwenye maagizo tunayoipa modeli, anajaribu maswali matatu, anatazama kwa macho, anasema "sasa iko sawa". Ijumaa ikifika kumebadilishwa maagizo, modeli na nyaraka tunazoilisha, vyote kwa mpigo, na programu iliyokuwa ikieleza salio vizuri jana leo inamtuma mtu aende tawini. Nani kaiharibu? Hajulikani. Mshika mbili moja humponyoka. Sisi tulishika tatu.

Zana za kazi hii zipo, na nyingine nzuri, lakini nyingi nilizojaribu zilitaka nihamie kwao na virago vyangu vyote. Nikajiundia yangu, nikaiita Mafiga. Figa la kwanza ni faili la maswali, maandishi matupu ambayo hata dada wa huduma kwa wateja anaweza kuyahariri. La pili linapeleka swali kwa modeli na kurudi na jibu, basi. La tatu linapima. Hayajuani; yanapokezana maandishi tu. Ukitaka modeli nyingine unang'oa la pili, na sufuria haimwagiki. Kila jaribio linaandikwa kwenye SQLite, hifadhidata ndogo ya faili moja, pamoja na maagizo yaliyotumika, jina la modeli na tarehe. Ni msimbo wa Python, mistari isiyofika 400.

Sasa nikuchekeshe. Modeli hulipiwa kwa tokeni, yaani vipande vya maneno (si zile za stima za tarakimu 20, ingawa nazo huisha wakati mbaya). Kiswahili kwa kawaida hukatwa vipande vingi kuliko Kiingereza, maana vikatio vyenyewe vilifunzwa zaidi kwa maandishi ya Kiingereza, na neno kama "hawajanirudishia" ni vipande kadhaa peke yake. Kwa kubana matumizi nikaongeza ghala: swali lililokwisha kuulizwa lisilipiwe tena, litolewe jibu lililohifadhiwa.

Halafu, kwa kuwa modeli ileile inaweza kukupa majibu tofauti kwa swali lilelile, hata ukiishusha halijoto yake, kile kipimo cha kubahatisha maneno, hadi 0, nikauliza kila moja ya maswali yangu 40 mara tano. Majibu yakaja yamefanana herufi kwa herufi. Ajabu ya uthabiti! Jumatatu nikamtangazia bosi. Jumatano tuko kibandani na chapo madondo, kijana wetu wa atachi akauliza taratibu: "Mbona kuanzia raundi ya pili hakuna muda uliotumika?" Chapati ikanikaba. Modeli nilikuwa nimeiuliza mara moja tu. Mara nne zilizobaki nililiuliza ghala. Dawa ilikuwa mstari mmoja, kuingiza namba ya raundi kwenye ufunguo wa ghala, ile alama linayotafutia jibu. Maswali 11 yakaanza kuyumba, nami nikarudi kwa bosi na uso wangu huu huu.

Figa la tatu bado linanisumbua. Kuangalia kama jibu lina namba sahihi ya paybill ni rahisi. Kuamua kama jibu lina adabu au linaeleweka, nimeweka modeli nyingine iwe hakimu kati ya majibu mawili, na hakimu huyo ana upendeleo: mara nyingi huelemea jibu lililotangulia, au lililo refu. Kwa hivyo namuuliza mara mbili nikigeuza mpangilio, na akibadili kauli nahesabu sare. Watu wananisukuma niongeze grafu na akaunti za watumiaji. Nimekataa. Nani aliwahi kuweka figa la nne?

Na sasa shida yangu kwako. Maswali yangu yote ni ya Nairobi, "Niaje, doo imeingia?" na ndugu zake. Hakuna hata moja la mtu wa Mji wa Kale. Juzi nilijaribu "Pesa zangu mbona hazijangia?", programu ikaeleza kwa heshima zote jinsi ya kuingia kwenye akaunti. Tafadhali nikusanyie kama 30 hivi, vile watu wanavyoandika kwenye simu. Waombe ruhusa, ufute majina na namba, lakini usisahihishe chochote. Anza na yule shangazi yako asiyejua nukta.

Stima hiyo imerudi. Wacha nikapige pasi shati la kesho kabla haijaghairi.

Wasalaam,
Ni mimi, wa kitanda cha juu.