Kamba ya katani barazani

Chumbageni, Tanga

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Uliniuliza kwenye simu kama kustaafu hakunichoshi. Nichoke saa ngapi, na watoto wa mtaa mzima wanashinda kwangu!

Juzi waligombana kwenye pembea ya mwembeni. Yule mnene wa jirani kashikilia kwamba yeye mzito, basi huenda na kurudi upesi kuliko wenziwe. Wakaja niwaamue. Zamani ningeshika chaki. Safari hii nikatundika kijikamba cha katani kwenye boriti ya baraza, nikafunga jiwe, nikawaambia kwanza kila mtu ataje anachokitegemea. Mjukuu wangu akashika simu, wenziwe wakahesabu kwa kelele: nenda-rudi 10, sekunde 20. Tukafungua jiwe, tukafunga embe bichi. Sekunde 20 vilevile. Yule mnene akataka turudie, tukarudia mara tatu, mwisho akanuna.

Kamba ilikuwa mita moja. Nikawauliza, tukiipunguza ikawa nusu je? Wote: "Kumi!" Na mimi, niliyeiandika kanuni ya vitu vinavyobembea ubaoni miaka nenda miaka rudi, kichwa kilishaitikia! Ikatoka 14. Kimya. Wengine wakamlaumu mshika simu. Kuna kabinti ka darasa la tatu, kugawanya kwenyewe bado kunampa taabu, kakasema, "Bibi, tupunguze nusu tena." Tukabaki na robo mita. Kumi kamili! Waliruka utadhani Coastal wamefunga goli.

Kipeuo cha pili, yaani kwamba kamba lazima ibaki robo ndipo muda uwe nusu, sikukitaja. Watakikuta madarasa ya mbele, na sura yake watakuwa wameshaiona.

Pia za mbao za kuzungusha nazo tunazo. Tiara nimeipiga marufuku, ilinasa kwenye nyaya za umeme nikakosa usingizi.

Unajua Galileo naye, mwaka 1602, alimwandikia rafiki yake barua juu ya vitu vinavyobembea? Nimefurahi kuwa si mimi peke yangu ninayewasumbua marafiki kwa habari za kamba.

Ukija, njoo na ile saa yako ya mshale wa sekunde, maana simu ya mjukuu imeshaangushwa mara mbili. Na mambo ya waja leo waondoka leo sitaki kuyasikia; godoro nimeshalianika.

Wako,
Shoga yako wa Chumbageni