Ile ni njumu, si nakshi

Mhariri,

Kwenye ukurasa wenu wa utamaduni mliandika juu ya magita yanayoundwa kwa mkono, mkaliita duara lizungukalo tundu la sauti "nakshi". Nakshi ni kazi ya patasi, kama milango yetu hapa Lamu: unachonga, mbao inapungua. Duara la gita huchimbiwa mfereji, ukajazwa mbao nyingine. Hiyo ni njumu, kazi ile ile ya viti vya enzi. Wazee walijaza mfupa na pembe ya ndovu. Pembe biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku tangu 1990, na mfupa wa ng'ombe unatosha. Neno tunalo, mbona mwalizika?

Nasema hivi kwa kuwa duara hilo limenitoa jasho. Mwezi wa Shaabani kijana wa mtaani aliniletea gita, duara limebanduka nusu. Mafundi wa Uhispania huunganisha vijiti vyembamba vya rangi mbalimbali kwa gundi, kisha hukata vipande kama boflo, na kila kipande hutoka na ua lile lile. Mimi nilihesabu vijiti mara tatu nikakosea, hata mamangu, msusi wa mikeka, akaninyang'anya karatasi akapanga safu kama apangavyo ukili. Hakumaliza hata kikombe chake cha kahawa.

Niliharibu kwenye msasa. Uso wa gita ni sprusi, mti mweupe, laini. Mimi kwenye duara nimetia mpingo. Vumbi jeusi likaingia kwenye vinyweleo, uso ukawa kama umepanguswa kwa kitambaa cha jikoni. Na ubao wenyewe ni milimita tatu tu, utakwangua mara ngapi? Sasa napaka shelaki, aina ya vanishi, kwanza kwenye ile mbao nyeupe, ndipo nasawazisha.

Na ule mstari wa ukingoni mliouita urembo tu? Unafunika ncha za mbao, panapoingia unyevu na panapogonga gita likianguka. Gita lisilo nao nisingelikaa nalo hapa pwani wakati wa masika.

La kijana bado liko kwangu, lasubiri nyuzi. Mwandishi wenu akipita Langoni na aingie alione, ila Ijumaa adhuhuri sifungui.

Fundi seremala,
Langoni, Lamu