Kobe asifungwe kamba, ajengewe uga wenye majani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye kobe majumbani hapa Dar es Salaam. Kuna wanaowaacha kutwa kwenye sakafu ya saruji inayochemka jua, na kuna wanaotoboa gamba wapitishe kamba. Gamba ni mfupa hai, umeungana na mbavu na uti wa mgongo. Ukilitoboa kobe anaumia, na tundu lenyewe ni njia ya uchafu kuingia mpaka kidonda kioze.

Namlenga hasa kobe wetu wa pwani mwenye bawaba nyuma ya gamba, anayelishusha akaziba miguu ya nyuma akitishwa. Ni mnyama wa vichaka na unyevu. Kwanza kibali: kobe ni mnyamapori, analindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kwa hiyo pitia ofisi ya wanyamapori kabla hujanunua hata tofali moja.

Uga wa mita 3 kwa 2 unamtosha mmoja au majike wawili, madume hupigana. Zungushia tofali za saruji za inchi 18 kwa 9, kozi (safu ya tofali) moja chini ya ardhi na mbili juu. Kila kozi inakula tofali 22 hivi, basi nunua 70. Kozi ya chini ndiyo watu wanaoiruka kubana matumizi, na ndipo kobe anapotorokea, kwa kuchimba kwenye pembe udongo ukilowa. Pembe hizo hizo huzipanda pia, gamba ameliegemeza ukuta mmoja, kucha zinakwangua wa pili. Zifunike kwa vipande vya ubao. Wavu usiwe ukuta: akiona nje atausukuma mpaka pua ichubuke. Mahali pake ni juu, kama kobe bado mdogo, maana kunguru na nguchiro hawamwachi.

Mchanga wetu haushiki maji. Kwa kila toroli mbili za mchanga changanya moja ya mboji ya majani iliyooza vizuri, mpaka kifike kina cha sentimita 25, kisha tandaza majani makavu ya mwembe unene wa vidole vinne. Humo atajifukia, na humo atawinda jongoo na konokono. Samadi mbichi ya kuku usiiweke, ukali wake unawasha macho.

Panda matembele, kongwa na choya, na mgomba mmoja upande wa magharibi uzuie jua la alasiri. Subiri mwezi mzima mizizi ishike, la sivyo atang'oa kila kitu siku ya kwanza. Magimbi, mbono na mnyonyo visikaribie. Miche ya kununua barabarani huenda imepigwa dawa ya wadudu. Ing'olee majani ya zamani, umpe yanayochipua baadaye. Saa nane mchana nusu ya uga iwe kivulini.

Beseni la maji laweza kumuua kobe. Likiwa na kingo wima akaingia, hatoki. Akipinduka chali, anaweza kuzama hata kwenye maji machache. Tumia sahani pana ya chungu cha maua, izamishe ilingane na ardhi, maji yasizidi sentimita 3. Badilisha kila siku, maana hujisaidia humo, na mbu wa dengue nao hutaga kwenye maji yaliyotulia.

Masika yakija, awe na kilima kidogo cha udongo cha sentimita 20 chenye nusu chungu juu yake ajihifadhi. Kwenye tofali la upande wa bondeni pitisha bomba la inchi 2 la kutolea maji ya mvua, lenye wavu mdomoni.

Ugali, wali na mkate havimfai. Mpe majani, uyoga unaoliwa, papai kidogo. Kwa ajili ya gamba, okota mfupa mweupe wa dome (jamii ya ngisi) ufukweni Kunduchi au Kigamboni, uloweke maji baridi siku mbili utoe chumvi, uuache ugani autafune mwenyewe.

Mpime kwa mizani ya jikoni kila wiki mbili. Uzito ukishuka mara mbili mfululizo, macho yakivimba au pua ikitoa mapovu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Msomaji wako,
Kigamboni, Dar es Salaam