Risala ya Kikundi cha Wakulima wa Mpunga na Mboga, Mombo, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Kijiji, wataalamu wa kilimo na afya, viongozi wa dini, wageni waalikwa, mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kuketi nasi katika Siku yetu ya Wakulima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ya kikundi chetu ni ndefu, lakini kwa kuheshimu muda wako tutasema tu kwamba tulianza tukiwa wachache, wenye majaruba yanayonyweshwa kwa maji ya Mto Soni, na leo tumesajiliwa, tuna katiba, muhuri na akaunti ya benki yenye salio. Mafanikio yetu ni makubwa. Tumejenga ghala la kisasa lenye paa la bati, na viti vyetu vya plastiki vimejipatia sifa inayovuka mipaka ya kata, kwani hakuna harusi wala matanga katika vijiji jirani yasiyoviazima.

Pamoja na mafanikio hayo, tunayo changamoto moja, nayo ni figo zetu.

Mto Soni unateremka kwetu kutoka Lushoto, ukiwa umepita chini ya mashamba ya nyanya na kabichi ambako wenzetu hupiga dawa za ukungu na za wadudu msimu hadi msimu, nasi huku bondeni tunaongeza za kwetu za magugu. Anayepiga dawa hubeba bomba mgongoni juani kutwa nzima, aghalabu bila glavu wala barakoa, akivuja jasho na kunywa maji kidogo. Jioni mwili ukimuuma, hununua diklofenaki dukani, dawa ambayo wataalamu wametuonya kuwa huziumiza figo, hasa za mtu aliyepungukiwa maji. Katika miaka ya karibuni tumewazika wenzetu waliokuwa bado na nguvu za kulima, wasio na kisukari wala shinikizo la damu, ambao walianza kwa uchovu na kuvimba miguu, wakatibiwa UTI mara kadhaa, na walipofikishwa hospitali kubwa wakaambiwa figo zimekwisha kushindwa kazi. Kutoka hapo njia ni mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, na hakuna jaruba linaloweza kulipia hilo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatusemi kwamba ni dawa za shamba zilizowaua. Tunafahamu kwamba huko Sri Lanka, kwa wakulima wa mpunga, na huko Nicaragua na El Salvador, kwa wakata miwa, ugonjwa wa figo usioelezeka kwa kisukari wala shinikizo la damu umeua watu wengi tangu miaka ya 1990, na wataalamu hadi leo hawajakubaliana juu ya chanzo kimoja: wapo wanaotaja joto na upungufu wa maji mwilini, wapo wanaotaja viuatilifu, yaani hizo dawa za shamba, wapo wanaotaja madini kama kadimiamu na aseniki, na wapo wanaoona kwamba mambo haya husaidiana. Lakini wenzetu hao walijulikana kuwa ni wagonjwa kwa sababu walipimwa. Sisi tulipoliwasilisha suala hili kwa mara ya kwanza tulijibiwa, kwa heshima zote, kwamba hakuna takwimu zinazoonyesha tatizo. Jibu hilo ni sahihi kabisa. Takwimu hazipo kwa sababu kipimo hakipo.

Kwa hiyo ombi letu ni moja: zahanati yetu ipatiwe mashine ya kupima kreatinini katika damu, yaani taka ya mwili ambayo figo huichuja, pamoja na vitendanishi vyake, yaani kemikali za kupimia, na vijiti vya kupima protini kwenye mkojo, ili kila anayepiga dawa apimwe kabla na baada ya msimu. Vijiti tunavitaja kwa makusudi, kwa kuwa kreatinini haipandi sana mpaka figo zimepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake, na tungependa kugundua mapema.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi mmoja aliyekutangulia alilipokea kwa furaha na kuahidi mashine ndani ya miezi mitatu, nasi kwa imani tukachangishana, tukapaka rangi chumba kimoja cha zahanati, tukaweka nondo dirishani na meza ya vigae. Aliyemfuata alikikagua chumba hicho, akakisifu, akapiga picha mlangoni. Wa tatu alituletea semina iliyotufundisha kunywa maji mengi, somo zuri ambalo tungelifurahia zaidi kama maji hayo yasingekuwa ya mfereji wa kunyweshea mashamba. Chumba bado kipo, na kwa sasa kinahifadhi vile viti vyetu mashuhuri.

Tunaipongeza Serikali kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, iliyounda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na tunaamini kwamba nchi inayokagua dawa inayoingia shambani haitashindwa kumkagua anayeipiga.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, fungu likiwa halipo mwaka huu, tunaomba tuambiwe hapa hapa kwamba halipo, nasi tutaanza kuchangishana nauli za kuwapeleka wenzetu kupimwa Korogwe kwa zamu, kuanzia wale waliopiga dawa kwa miaka mingi zaidi. Likiwapo, tunaomba utaje mwezi. Katibu amefungua daftari la mihtasari na ataandika utakachosema kama utakavyokisema, kisha kitasomwa katika kikao kijacho kabla ya ajenda ya kwanza.

Tunaomba kuwasilisha.