Flavonoidi ni mwanzo wa dawa, bado sio dawa

Mhariri,

Hongereni kwa kazi. Nimesoma makala yenu kuhusu flavonoidi, zile kemikali za mimea zilizojaa kwenye maua, maganda ya matunda, vitunguu na majani ya chai, na nimefurahi mmeigusa hii mada maana wengi hatujui kama kuna dawa zimeanzia huko. Ila pale mlipoandika kwamba kwesetini, flavonoidi mojawapo iliyomo kwenye vitunguu, "inaua seli za saratani" alafu mkaishia hapo, mmeacha sehemu kubwa ya habari.

Matokeo ya namna hiyo mengi yanatoka kwenye kisahani cha maabara, seli zikiwa nje ya mwili. Kule unamwaga kwesetini kadri unavyotaka, lakini mtu akiila, utumbo na ini vinaibadilisha fasta ili itolewe mwilini, na inayobaki kwenye damu vile ilivyokuwa ni kidogo mno ukilinganisha na ile ya kisahani. Alafu flavonoidi nyingi zina tabia ya kunata kwenye protini za kila aina, nyingine zinajikusanya mabonge humo humo kwenye kipimo, kipimo kinasema inafanya kazi kumbe hakuna kitu. Ndio maana molekuli moja utasikia inatibu kila ugonjwa. Mimi nikiona hivyo napata wasiwasi kabisa.

Mfano ambao natamani mngeuandika ni wa florizini, nayo ni ya ukoo huo huo wa flavonoidi. Ilipatikana kwenye gome la mti wa tufaha mwaka 1835, na kwa kuwa ni chungu watu wakadhani itatibu homa kama kwinini. Miaka ya 1880 daktari Mjerumani, Josef von Mering, akaonyesha kwamba anayepewa florizini anakojoa sukari. Sababu ilikuja kueleweka baadae sana: figo zetu kila siku zinachuja kama gramu 180 za glukosi na karibu yote zinairudisha kwenye damu, na wanaoirudisha ni protini mbili zinaitwa SGLT1 na SGLT2, hii ya pili ndio inabeba mzigo mkubwa. Florizini inaziba zote mbili, kwa hiyo sukari inatoka na mkojo. Kwa mgonjwa wa kisukari hiyo ni habari kubwa.

Sasa mbona haikuwekwa kwenye vidonge moja kwa moja? Kwa sababu ukiimeza, kuna kimeng'enya (protini inayovunja vitu mwilini) kwenye utumbo mdogo kinaikata ile sukari iliyoshikizwa kwenye molekuli, dawa inaharibika kabla haijafika kwenye figo, na tena SGLT1 ipo kwenye utumbo pia, ukiiziba unaweza kuharisha. Wanakemia wakakaa nayo, ile sukari iliyokuwa imeshikana kupitia atomu ya oksijeni wakaishikiza moja kwa moja kwenye kaboni, kimeng'enya kikashindwa kuikata, na wakaipinda molekuli iilenge zaidi SGLT2. Hapo ndio zikaja dawa za kisukari za dapagliflozini, kanagliflozini na empagliflozini, ambazo leo zinasaidia hadi wenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri na wenye figo mbovu, na mwaka 2021 WHO ikaziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Hakuna mtu aliyechemsha gome akapata hiyo.

Zipo flavonoidi zilizopita kuwa dawa karibu vile vile zilivyo kwenye mmea. Mwaka 2006 Marekani iliruhusu mafuta ya kupaka yenye katekini, yaani flavonoidi za chai ya kijani, kwa masundosundo ya sehemu za siri, na naona imesaidia kwamba yanapakwa pale pale penye tatizo, hayana safari ya kupita tumboni na kwenye ini.

Na wanaosema kitu cha mmea hakina madhara siwaungi mkono hata kidogo. Katekini iliwahi kuuzwa Ulaya kama dawa ya ini kwa jina la sianidanoli, ikaondolewa sokoni 1985 baada ya baadhi ya wagonjwa kuvunjika chembe nyekundu za damu. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya nayo ikatoa tahadhari juu ya vidonge vya chai ya kijani vyenye miligramu 800 na zaidi za EGCG (katekini kuu ya chai ya kijani) kwa siku, vinaweza kuumiza ini. Chai ya kikombe haikuwa na neno, ishu ni vidonge.

Ombi langu ni dogo. Mkiandika tena, wekeni mstari mmoja tu unaosema imepimwa kwenye kisahani, kwa panya au kwa binadamu, na kwa dozi gani, maana kuna mtu ana mgonjwa nyumbani anasoma "inaua saratani" na kesho yake anamwachisha matibabu ya hospitali. Na mkiweza mtafuteni mwanakemia wa dawa mumuulize anafanyaje na molekuli inayokatwa na utumbo, hiyo makala nitaisoma yote.

Msomaji wenu wa siku zote