Hamadi, laki sita sitozituma

Málaga, Hispania, Jumamosi usiku

Mdogo wangu Hamadi,

Assalam aleikum. Voisi yako niliipata tokea Jumatano, nikaisikiliza kwenye basi nikaizima kabla haijesha maana ghadhabu zilinipanda mbele za watu. Mie mzima, kazi ipo, mguu haujambo. Mama mwambie dawa zake zimeshalipwa, aende Mwanaisha akazichukue, asikubali kuzungushwa.

Haya, hiyo laki sita. Unanambia kuna jamaa Darajani anamuuzia Seif programu ya Kihispania kwenye flashi, ukilipa umelipa maisha, na mtoto bila ya hiyo hapati kazi ya kutembeza wageni Nungwi. Hamadi, laptopu ya kuichomeka hiyo flashi iko wapi? Mie nilituma pesa za laptopu, ikanunuliwa mashine ya boti. Sisemi boti mbaya, watu wanakula, lakini uliniomba kwa jina la mtoto na hilo halijanitoka rohoni mpaka leo. Nimelinyamazia miaka miwili kwa ajili ya mama, umelifukua mwenyewe.

Pesa sitozituma, lakini Seif Kihispania atakijua, hilo nakuahidi, na nnajua nnalolisema. Mwezi uliopita nimepata matokeo ya mtihani wa Kihispania, DELE, ule wa Instituto Cervantes, taasisi ya serikali ya hapa ya lugha yao, daraja ya A2, ya pili kutoka chini, wameniandikia apto, yaani nimefaulu. Ndio huo huo wanaoutaka ukiomba uraia wa hapa, pamoja na mwengine wa katiba na mambo ya nchi wenye masuala 25, upate 15. Huo nao ntaufanya inshallah. Mie huyu niliyetolewa skuli nimlee Khamisi! Mwambie na shangazi wa Chake, yule aliyesema nakuja kuosha vyombo tu.

Sasa sikiliza vizuri na umsomee Seif. Hizi programu nimezipitia nyingi. Ya kwanza nilianza na Duolingo kama watu wote, ya bure, ina matangazo, mmoja wa walioianzisha, Luis von Ahn, ni mtu wa Guatemala na Kihispania ndio lugha yao. Nzuri kwa kuanzia, inakufanya urudi kila siku. Lakini Kihispania chake ni cha Marekani ya Kusini na huko, hawakufundishi vosotros, yaani nyinyi, na hapa kila mtu vosotros, nami siku ya kwanza jikoni sikufahamu kitu, tena watu wa Málaga s wanaimeza, está wanatamka ehtá. Halafu kuna moja ya kulipia, jina silitaji, nilikata mwaka mzima na mwaka ulipokwisha wakanikata tena kwenye kadi ya benki bila ya mie kukumbuka. Ndio maana nasema Seif asiweke kadi ya mtu popote. Rosetta Stone inakuonesha picha tu bila ya tafsiri, Pimsleur ni ya kusikiliza nusu saa na kujibu kwa mdomo, hiyo inafungua ulimi kweli lakini ni ya kulipa.

Lakini kilichonichosha mie ni kimoja, karibu zote nilizozipata zinapitia Kiingereza. Na Kiingereza ndicho kinachomchelewesha mtu wetu! Angalia, Mwingereza anahangaika wiki nzima na ser na estar kwa sababu kwao zote ni neno moja. Sisi tunazo mbili tokea utotoni, es un hotel, ni hoteli, el hotel está en Nungwi, hoteli iko Nungwi. Ni na iko, basi, imekwisha. Hablo, naongea, hablamos, tunaongea, mtu yumo ndani ya kitendo mule mule kama kwetu. La casa blanca, las casas blancas, neno la sifa linafuata jina, sasa mtoto aliyekua na kiti kizuri viti vizuri hilo litamshinda? Irabu ni zetu zile zile tano. Na gracias kwa Kihispania cha Madrid ile c ni tha ya thamani, Seif anayo tokea chuoni kwa maalim. Meza ni mesa, bendera ni bandera, hizo mbili sisi tumezipata kwa Wareno. Na za Kiarabu, sukari ni azúcar, zafarani ni azafrán, neno letu "hata" ni hasta yao. Waarabu na Waislamu wenzao walitawala sehemu za huku tokea 711 mpaka 1492 na waliyoyaacha midomoni mwa watu utadhani uko Mji Mkongwe.

Kwa hivyo mie niliyoichagua ni Anki, programu ya kadi za kukumbukia maneno. Kwenye simu ya Android ni bure, inaitwa AnkiDroid, kwenye iPhone ndio ya kununua, na Seif ana Samsung. Haina picha za kupendeza, ukiifungua utaona kavu, lakini kadi unaandika mwenyewe, huku Kihispania huku Kiswahili. Ukijibu sawa kadi inaondoka inarudi baada ya siku kadhaa, ukipata tena inakaa zaidi, ukikosea inarudi pale pale. Bando haili ukishaishusha. Mie nimeandika kadi 2,300 kwa mkono wangu, usiku, baada ya kazi. Zote ntampa. Na kwa kusikiliza ashushe Language Transfer, masomo 90 ya Kihispania, bure kabisa, hilo ni la Kiingereza lakini mwalimu wake anafikirisha, hamezeshi.

Kuna kadi moja imeandikwa clavo. Ni msumari, na ni karafuu. Mpishi alinitilia mkononi siku ile kwenye kichupa, kavu, harufu imeshakufa, nikamwambia hizi zinatoka kwetu, babaangu alikuwa na mikarafuu yake, hakuamini. Nikaenda stoo nikakaa. Nilikuwa naiona njia ya Wete na majamvi yameanikwa kando, nasikia na harufu yake mbichi.

Laptopu ntaileta mwenyewe mwakani nikijaaliwa, ntampa Seif mkononi, si wewe. Usinune. Kadi namtumia kesho kwenye simu. Ijumaa baada ya sala anirikodie voisi, aniulize njia ya kwenda ufukweni kwa Kihispania, nami ntamjibu kama mgeni. Na wewe nipigie picha mkarafuu ule wa nyuma ya jiko, nijue kama mwaka huu umezaa.

Dada yako